Wenye Milango ya Mji wa Kale, Pigeni Picha

Ndugu zangu wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni hapa Mji wa Kale wa Mombasa, na nyinyi wenye maduka ya vinyago kuanzia Ndia Kuu hadi Fort Jesus, nina ombi moja kwenu.

Mnaijua biashara ya kunong'ona. Sanamu ndogo ya jiwe inatolewa chini ya meza, imefungwa kwa gazeti, na mgeni anaambiwa ni ya kale, imechimbuliwa, haina ya pili. Mara nyingi ni jiwe la Kisii lililochongwa Tabaka majuzi, likasuguliwa rangi ya viatu mpaka likazeeka. Mgeni amelaghaiwa, na fundi wa Tabaka kanyimwa sifa ya mkono wake. Lakini mimi huingiwa na hofu zaidi pale muuzaji anaposema kweli. Kitu cha kale hakizuki chini ya meza. Kimetoka kaburini, msikitini au nyumbani kwa watu. Tazameni makaburi ya nguzo ya Pwani yetu: mashimo ya mviringo mnayoyaona yalikuwa na bakuli za Kichina.

Jirani zetu Wagiriama wanaijua habari hii kuliko sisi. Mwaka 1985 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Kigango ni nguzo ya mti ya kumbukumbu anayochongewa marehemu wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, na kikishasimikwa hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe hubaki pale mpaka kiliwe na mchwa. Udvardy aliporudi na ile picha kumpelekea mzee, alikuta vigango vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999 mwenzake, Linda Giles, alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa Chuo Kikuu cha Illinois State, na Udvardy akakitambua kimoja palepale. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa wenyewe.

Vilirudi kwa sababu palikuwa na picha. Udvardy na Giles walihesabu zaidi ya vigango mia mbili katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na vingi havina cha kuonyesha viling'olewa mji gani. Makumbusho ya Denver yalipotangaza mwaka 2014 kwamba yatarudisha vigango 30, furaha ilikuja na swali gumu: virudishwe kwa nani? Na tusijifiche, vingi vya namna hii vilipitia kwa wauza vinyago wa Pwani, Mombasa ikiwemo. Kijana aliyeving'oa usiku alipata vijisenti, na ng'ambo vikauzwa kwa maelfu ya dola.

Sisi wa Mji wa Kale vigango vyetu ni milango. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda kila mlango na kila fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Vitu vingine vya kuhamishika, vitabu na hati kando, huhesabiwa vya kale iwapo vilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na huwezi kuvitoa nchini bila kibali. Hata hivyo milango inaondoka. Nyumba ya urithi ina warithi wengi, mmoja yuko Muscat, mwingine London, paa linavuja, na dalali anakuja na pesa taslimu. Simlaumu mjane anayeuza. Namlaumu anayemwambia kwamba ni mbao kuukuu tu.

Basi ombi langu ni hili. Pigeni picha. Mlango mzima kwanza, kisha nakshi kwa karibu, njumu, komeo, na ule ufa au kipande kilichokatika, maana ufa ndio utakaoutofautisha mlango wenu na mwingine. Wekeni futi ya fundi ndani ya picha. Andikeni nyumba ni ya nani na mtaa gani. Fanyeni hivyo pia kwa bakuli, sinia, kiti cha enzi na jiwe la kaburi la babu. Nakala moja awe nayo jamaa anayekaa mbali, nyingine pelekeni kwa watu wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus.

Nanyi wenye maduka, kipya kiuzeni kwa jina lake: jiwe la Kisii, mchongo wa Tabaka, mti wa fundi wa Changamwe. Wapo wanunuzi wanaopenda hivyo, na hamtalala na wasiwasi. Akija kijana na kitu ndani ya gunia, muulizeni kakitoa wapi. Kikiwa kigango, msikinunue hata kwa nia ya kukiokoa, kwani mkimlipa leo, kesho atakwenda kung'oa kingine. Pelekeni habari Fort Jesus siku hiyohiyo.