Kwenye meza ya Bwana hakuna pasipoti



Wiki chache zilizopita, jumuiya ndogondogo moja hapa Mwenge ilipata msiba. Alifariki mzee mchonga vinyago, aliyekuja mjini akiwa kijana kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Tulipofika kwenye mchango wa rambirambi kwa mjane, mwamini mmoja akasema, "Huyo si wa kwetu. Wachange ndugu zake wa Msumbiji." Nilinyamaza, na kunyamaza huko kunanisumbua hadi leo.

Si wa kwetu? Wamakonde wapo Newala na Tandahimba, na wapo Mueda. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka. Hakuna Mmakonde aliyeulizwa. Watu wa lugha moja wakalala ndugu, wakaamka wageni.

Na wageni tumewahi kuwapokea vizuri. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 maelfu ya wakimbizi walivuka wakaja kusini mwa nchi yetu. Mwaka 2014 serikali ilitoa uraia kwa zaidi ya Warundi 160,000, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na watoto wao.

Msinielewe vibaya. Sisemi mipaka ifutwe kesho asubuhi. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia, na wanaosafirisha binadamu kama mizigo lazima wazuiwe. Lakini mpaka ni kazi ya watu; Mungu aliumba ardhi bila kuichora mistari. Mtoto Yesu mwenyewe alivushwa usiku kwenda Misri akiwa mkimbizi (Mt 2). Na Mtume Paulo anatufundisha kwamba Kristo, kwa msalaba wake, ameubomoa ukuta uliowatenga Wayahudi na mataifa (Efe 2).

Kwa hiyo Mkristo akiambiwa awaze dunia isiyo na mipaka, hana haja ya kwenda mbali. Aangalie foleni ya Komunyo: Mchaga, Mmakonde, Mrundi, Mkongomani. Padre haombi kitambulisho. Tukila mkate mmoja asubuhi, kisha jioni tukamwambia mjane "si wa kwetu", ile Amina yetu ilikuwa ya nini?

Ukipita kwenye vinyago vya Mwenge, tazama kile wachongaji wanachokiita ujamaa: watu wengi wamebebana, wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Jaribu kumtoa mmoja, utaharibu kinyago chote.

Misa ya arobaini ya mzee wetu inakaribia. Safari hii sitanyamaza. Nitautangaza mchango wa mjane mwenyewe, na wa kwanza kutoa nitakuwa mimi. Nawe mpendwa, yupo nani katika jumuiya yako anayeitwa "si wa kwetu"? Leo baada ya Misa, mpigie hodi.

Dominika njema.