Korongo Apate Pa Kutagia

Kinamasi cha Nyandungu, kinachopakana na Ndera mjini Kigali, kilichakazwa na kilimo na malisho hadi kilipofufuliwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ni jambo la kupongezwa. Lakini korongo wenye taji, ambao Wanyarwanda huwaita imisambi, hawana haja na vijia vya matembezi. Wao hutaga katikati ya matete yenye maji, kisha huenda kula mashambani. Mwaka 2017 walihesabiwa 487 tu nchini kote. Mwaka 2022 walizidi 1,000. Waliofugwa majumbani na mahotelini walirudishwa porini, vyema. Je, watataga wapi? Wakuu wa jiji na wayaache matete ya Nyandungu bila kukatwa.