Kupima Kwanza, Mashine Baadaye

Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, ilianza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Ni haki vijana wa Lindi nao washike kazi za ufundi. Lakini mashine ya kuchonga chuma ibadilishayo visu yenyewe haimwondolei fundi wajibu. Kila kisu kina urefu wake. Hapana budi upimwe na kuandikwa katika kumbukumbu ya mashine kwa namba ya kisu hicho. Tarakimu moja ikikosewa, mashine hulitii kosa: kisu huvunjika, chuma huharibika. Basi wapangao bajeti za vyuo wasinunue mashine wakasahau vifaa vya kupimia. Na walimu wa hesabu waanze kazi hiyo darasani.