Ordinatere ni ya wote, funguo ni za nani?



Tangu mwanzo wa muhula huu kuko neno moja linalosemwa kila siku katika uwanja wa masomo yetu: programu zimefungwa. Mwanafunzi anaingia katika chumba cha ordinatere (wengine wanasema kompyuta), anakaa, anawasha mashini, na anakuta programu ya kuandika barua tu. Ile ya hesabu za biashara, ile ya jeometri, hata ile ensiklopedia iliyowekwa ndani ya mashini ili tuisome pasipo intaneti, zote zinajibu namna moja: hauna ruhusa. Wanafunzi wa komersiali peke yao wanazifungua. Wengine wanaingia kama wako na urafiki na kapita wa darasa, sababu yeye anajua neno la siri.

Wengine wanasema huu ni uonevu. Wengine wanasema ni vizuri, fujo ilizidi. Mimi ninaona pande zote mbili zimepita kando ya ulizo lenyewe. Kufunga si kosa. Ulizo ni hili: tunafunga nini, kwa nani, na kwa sababu gani?

Tuseme ukweli kwanza. Kuko sababu nzuri za kufunga. Ya kwanza, flashi zetu. Moja inatoka Mangobo, nyingine Kabondo, nyingine imevuka mto toka Lubunga, na kila moja inaweza kuleta michezo na virusi. Mutu mumoja anaweka programu yake, na kesho kazi za darasa nzima zimeharibika. Ya pili, leseni. Kuko programu zinazouzwa kwa hesabu ya watu. Kama masomo yamelipia watu kumi, hayawezi kuingiza mia; hiyo ni kuiba, hata kama hakuna anayeona. Ya tatu, siri. Pointi zetu na vitabu vya feza haviko vya kila jicho. Juu ya mambo hayo matatu, mimi niko pamoja na wakubwa wetu.

Lakini jeometri iko na siri gani? Ensiklopedia italeta virusi gani, kama mwanafunzi anaisoma tu?

Jambo hili halikuzaliwa Kisangani. Zamani ordinatere moja ilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa ya kutisha, kwa hiyo watu wengi walipaswa kuitumia pamoja. Katika mwaka 1961, mwaka mmoja nyuma ya uhuru wetu, wataalamu wa chuo cha MIT kule Marekani, wakiongozwa na Fernando Corbató, walionyesha mpango ulioitwa CTSS. Watu kadhaa walikaa kila mmoja mbele ya mashini yake ya kuandikia, na ordinatere moja iliwatumikia kwa zamu, upesi sana. Kila mmoja alipewa neno lake la siri, ili kazi yake isichanganyike na ya wengine.

Sasa sikilizeni lililofuata. Mwaka 1962 mtafiti mumoja kijana wa chuo kile, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa 4 tu kwa juma. Kazi yake haikuenea ndani ya saa hizo. Akapata njia ya kuiagiza mashini imchapishie orodha ya maneno ya siri ya watu wote, nayo ikaichapisha. Akaanza kuingia kwa majina ya wengine. Alilisimulia yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye. Simsifu. Lakini mutu huyu alitafuta saa za kufanya kazi yake, hakutafuta michezo. Mlango ukifungwa kwa mwenye kazi ya haki, unamfundisha kupita dirishani. Na sisi hapa, dirisha ni neno la siri la kapita.

Nyuma yake wataalamu walitafuta njia bora. Katika Unix, iliyoanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, kila kitu ndani ya mashini kiliandikiwa ruhusa: ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya watu wengine. Na ruhusa zenyewe zikatengwa: kusoma, kuandika, kuendesha. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilishika kanuni ileile. Windows nayo iko na orodha za ruhusa, na inatenga msimamizi na mtumiaji wa kawaida. Maana yake ni nini? Hatulazimishwi kuchagua kati ya kufunga yote na kufungua yote. Mashini inaweza kumruhusu mutu kuendesha programu pasipo kumruhusu kuibadilisha wala kuifuta.

Wagenia wamelijua jambo hili mbele ya mashini. Pale kwenye maporomoko maji ni mamoja kwa wote, lakini kila jamaa iko na fasi yake ya kutega, na mutu hawezi kuinua mtego usio wake. Hakuna Mugenia aliyesema: kwa kuwa kuko mwizi wa samaki, tufunge mto.

Basi ninapendekeza mambo manne.

Moja. Kila mwanafunzi awe na jina lake ndani ya mashini na neno lake la siri. Leo tunatumia jina moja la darasa. Kazi ikifutwa, hakuna anayejua nani aliifuta, na darasa lote linaazibiwa. Jina la kila mutu linamlinda asiye na kosa kuliko linavyomkamata mwenye kosa.

Mbili. Makundi yafuate kazi, yasifuate cheo wala urafiki. Kuweka programu mpya: mwalimu anayeshugulikia chumba peke yake. Pointi na feza: wale waliopewa kazi hiyo. Hesabu za biashara: wanafunzi wa komersiali na walimu wao, kama leseni inahesabu watu. Hiyo ni haki, sababu tangu mwaka 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na wao watapaswa kuzijua hesabu za namna hiyo. Lakini LibreOffice, GeoGebra ya hesabu na jeometri, na Kiwix inayobeba Wikipedia pasipo intaneti, masomo yanaweza kuziweka kwa wanafunzi wote pasipo kulipa hata franga moja. Hizo zifunguliwe kwa wote, toka wadogo wa darasa la saba mpaka wale wanaongojea Examen d'État.

Tatu. Kinachopaswa kufungwa, kifungwe kweli. Kuondoa picha ya programu mbele ya kioo si kufunga. Mwenye akili kidogo ataitafuta ndani na kuifungua. Tena kuko programu zinazoendeshwa juu ya flashi pasipo kuwekwa ndani ya mashini. Kama tunaogopa virusi, tukataze kuendesha programu zinazotoka kwenye flashi. Hilo linawezekana, na litalinda mashini zaidi ya kumzuia mwanafunzi asichore pembetatu.

Ine. Orodha ibandikwe kwenye mlango wa chumba: programu gani, ya kundi gani, kwa sababu gani, na mwanafunzi amwone mwalimu gani kama iko na lazima ya kuitumia. Mwisho wa kila muhula isomwe upya. Sheria isiyoandikwa inageuka kuwa urafiki, na urafiki unageuka kuwa upendeleo.

Kuko watakaosema: mashini ni kidogo, sisi ni wengi, umeme unakatika, haya yote ni ndoto. Mimi ninajibu: ndiyo sababu. Mutu aliye na ordinatere nyumbani haoni hasara programu ikifungwa hapa. Yule anayekaa saa moja kwa juma mbele ya mashini, watatu juu ya benchi moja, ndiye anayepoteza. Saa ile ikiisha mbele ya neno "hauna ruhusa", hakuna atakayemrudishia.

Sisi ni masomo ya Kiprotestanti, na tunajua mfano wa talanta katika Injili ya Matayo. Bwana hakugawa sawasawa: mumoja tano, mwingine mbili, mwingine moja, kila mutu kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo kutofautisha si zambi. Lakini mtazame tena: hakuna mtumwa aliyepewa sifuri. Na aliyehukumiwa ni yule aliyefukia alichopewa. Programu iliyo ndani ya mashini na imefungwa pasipo sababu ni talanta iliyofukiwa.

Na sisi wanafunzi, tusingoje prefe peke yake. Tukipewa majina yetu, neno la siri lisipitishwe kwa rafiki kama kalamu. Aliyeaminiwa ajionyeshe mwaminifu.

Mwenye wazo lingine aandike, bulletin hii ni ya wote.

Mwanafunzi wa pedagojia