Yule aliyejicheka mwenyewe kwanza

Mwezi huu tuseme juu ya kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi: kuchekesha watu.

Munamjua yule kijana wa kwenye machimbo. Jioni, watu wakisha kunawa udongo, anaanza kuiga sauti ya PDG wa shimo, na wote wanacheka mpaka machozi. Munafikiri ni mchezo tu. Lakini angalieni vizuri: anatoa mbele ya wote neno ambalo kila mtu alikuwa analificha moyoni.

Sisi wa Kongo tuko na wakubwa wa kazi hiyo. Ulizeni wazee wenu habari za Mufwankolo na kundi lake la Lubumbashi, waliochekesha watu kwa Kiswahili cha mji wa migodi, kwa redio na kwa televizyo. Mwaka wa 1986, wakati wa Mobutu, walicheza mchezo juu ya mithali inayosema kwamba utawala unaliwa mzima, haugawanywi. Na mwaka ule ule, kule Nairobi, polisi walimkamata mchekeshaji mwingine. Huyo ndiye ninataka mumjue leo.

Jina lake Wahome Mutahi. Alizaliwa mwaka wa 1954 upande wa Nyeri, inchi ya Kenya, akawa mwandikaji wa magazeti. Tangu miaka ya 1980 aliandika habari za mtu mmoja aitwaye Whispers, yaani Minong'ono, na Wakenya wakazoea kumsoma siku ya Mungu katika gazeti la Sunday Nation. Whispers huyo alipenda pombe, akamwogopa bibi yake. Bibi alimwita Thatcher, kama yule mama aliyetawala Uingereza kwa mkono mgumu. Binti alimwita Investment, ni kusema mali iliyowekwa ilete faida, sababu baba alikuwa anahesabu mahari tangu mapema. Kulikuwa na mama yake, Appepklonia, na padri mmoja, Father Camisassius. Mambo yalikuzwa kama katika ndoto: ugomvi wa jikoni ukawa kama vita vya mataifa, na mlevi akajiona mfalme wa inchi.

Watu walicheka, halafu wakanyamaza kidogo, sababu walijitambua. Mutahi hakuanza na aibu ya jirani. Alimweka mbele Whispers, mtu aliyefanana naye mwenyewe, akamvua nguo zote za heshima. Mtu akisha kujicheka hivyo, ni vigumu kumwambia kwamba anasema kwa majivuno au kwa wivu.

Lakini leta haipendi kicheko. Mwezi wa 8 mwaka wa 1986 walimkamata, wakamshitaki kuwa mtu wa Mwakenya, chama cha siri kilichopinga serikali ya Moi. Walimtia kasho katika Nyayo House, jumba kubwa la serikali katikati ya Nairobi. Chini ya jumba lile kulikuwa na vyumba vya giza ambamo wafungwa waliteswa, na wengine waliachwa ndani ya maji. Toka hapo, gereza.

Wengi wakitoka mahali kama pale wanafunga kinywa. Yeye aliandika. Mwaka wa 1991 alitoa kitabu Three Days on the Cross, yaani Siku tatu msalabani, juu ya watu waliokamatwa na kuteswa. Mwaka wa 1992 akatoa Jail Bugs, wadudu wa gerezani. Kisha akarudi kwa kicheko: mwaka wa 1996 aliwaandikia Wakenya How to Be a Kenyan, namna ya kuwa Mkenya. Tena alitunga michezo kwa Kikuyu, na ikachezwa hata ndani ya mabaa. Mmoja, Mugathe Mubogothi, ulimcheka mtukufu anayetawala huku anasema ovyo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani.

Mwezi wa 3 mwaka wa 2003 aliingia hospitali kwa upasuaji ambao haukuonekana mkubwa. Hakuamka tena. Alilala bila fahamu miezi minne, akafa tarehe 22 mwezi wa 7. Tangu mwaka wa 2006 kuna zawadi ya waandikaji huko Kenya yenye jina lake.

Sasa, kijana unayependa kuchekesha, nisikie. Kumcheka kilema, mjane au mgeni ni rahisi, sababu hao hawawezi kukufanya kitu. Kicheko cha namna hiyo ni jiwe linalotupwa chini. Kama unataka kinywa chako kisaidie watu, jiweke wewe kwanza katikati, wakucheke. Halafu utazame juu, kwa wale wanaokula peke yao. Na ninyi wazazi, mtoto akiwaiga mezani, musikimbilie fimbo. Kwanza muulizane: je, ameongopa?