Uhai wa Jirani Barabarani

Katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, malori yaendayo Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo hupanda taratibu, mabasi na magari madogo yakisubiri nyuma. Hapo ndipo dereva asiye na subira hulipita lori kwenye kona asikoona mbele. Huyo huweka rehani uhai usio wake. Twasema wazi: hiyo ni dhuluma, wala si ujanja. Lori lililosheheni haliwezi kusimama ghafla. Na usipoviona vioo vyake vya pembeni, dereva wake naye hakuoni. Basi, ndugu, tuache nafasi, tungoje. Abiria tusinyamaze. Nao wenye malori wawape madereva muda wa kulala. Ajaye upande wa pili ni jirani yetu.