Tusikusanye Chuma na Kuacha Majina

Walimu wenzetu, hapana hata mmoja wetu asiyefundisha methali isemayo, "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu." Twaiandika ubaoni, twaieleza maana yake, kisha twawataka wanafunzi watunge kisa kinachoiafiki. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kumwuliza mwanafunzi: mkuki huo ni wa namna gani? Chuma chake huitwaje? Mti wake huitwaje? Nani aliufua, na nani aliruhusiwa kuushika? Sisi tumefundisha lugha hii zaidi ya miaka ishirini bila ya kuuliza hata swali moja katika hayo, mpaka siku tulipoaibika hapa Ruziba.

Ruziba iko kusini mwa Bujumbura, katika barabara iendayo Rumonge; upande mmoja ziwa, upande wa pili vilima. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni cha sokoni, cha mwaloni na cha darasani. Alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, akaambiwa kwamba mzee mmoja jirani yetu anao mkuki wa baba yake. Mnunuzi hakujua Kirundi, na mzee hakukiamini Kiswahili chake mwenyewe. Tukaitwa sisi tufasiri, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha.

Mzee aliuweka mkuki magotini, akaanza kueleza. Alitaja jina la chuma, jina la sehemu ile ambapo chuma hushikana na mti, jina la mti wenyewe na la kile chuma kidogo cha chini kinachochomekwa ardhini. Alimtaja mhunzi aliyeufua na kilima alikotoka. Alieleza siku ambazo baba yake aliutoa nje, na siku ambazo ilikuwa mwiko kuutoa. Maneno yale yalitushinda. Tukamgeukia mnunuzi tukasema, "Anasema ni mkuki wa zamani sana."

Mzee akatutazama. "Mwalimu, umemwambia yote?"

"Ndiyo, Mzee wetu, yote."

Mnunuzi akaandika daftarini mwake maneno mawili, "Mkuki, Burundi," akalipa, akaenda zake. Mzee naye amekwisha fariki. Katika maneno yote aliyoyataja siku ile, tunalolikumbuka ni moja tu, *icumu*, nalo hulijua kila mtoto.

Kilomita chache kusini ya hapa, pale Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wale walikaa hapo muda mfupi tu, na majina yao yamedumu zaidi ya karne moja na nusu. Mkuki ulioishi katika nyumba moja ya Ruziba kwa vizazi umeondoka bila jina, na aliyelikata jina hilo si mgeni. Ni sisi.

Twaeleza aibu hii ili ijulikane tunamlaumu nani tunaposema kwamba ukusanyaji wa silaha za jadi umekuwa ukusanyaji wa chuma tu. Wako watu wengi huko Ulaya na Marekani wanaokusanya silaha za kale za ulimwengu mzima, na wengine ni wajuzi hasa. Huutazama mkuki wakaona kama bapa lake lina mshipa katikati. Kama chuma kina mkia uliozamishwa katika mti, au kina tundu ambamo mti umeingizwa. Kama mpini umelainishwa na viganja vya miaka mingi, au umepakwa tope na chumvi juzi ili uonekane mkongwe. Hujua kwamba kuisugua kutu kwa brashi ya waya ni kuufuta ushahidi. Ujuzi huo haufai kudharauliwa. Lakini chuma hakisemi kila kitu, na hapo ndipo mjuzi wa chuma asiyejua lugha hupotea.

Utazameni mfano mmoja unaotuhusu. Uko upanga mrefu wa Oman, ulionyooka, wenye makali pande mbili na usio na kikingio cha mkono. Ulivuka bahari ukafika Unguja na mwambao wote. Wakusanyaji wengi wa Ulaya wameuzoea kwa jina la "kattara". Sasa fungueni kamusi zetu. Zasema kwamba kitara ni upanga uliopinda. Ule mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili, Waswahili wa zamani waliuita upanga wa feleji. Basi ama jina la upanga uliopinda limebandikwa juu ya ulionyooka, ama neno lenyewe lilibadili maana katika safari yake. Jambo hilo haliamuliwi na ajuaye bei ya panga. Huamuliwa na ajuaye lugha, yaani watu wa kazi kama yetu, ambao hatujalisemea kitu.

Kupotea kwa jina si hasara ya kamusi peke yake. Huko Kenya, Wagiriama huiita sumu ya mishale *utsungu*, neno lililo ndugu wa uchungu wetu. Sumu hiyo hutengenezwa kwa miti ya jamii ya Acokanthera, na huweza kubaki na nguvu katika mshale kwa miaka mingi. Mshale ulioandikwa "mshale, Afrika ya Mashariki" humdanganya atakayeushika kabatini kesho. Jina lake la kwao lingalimwonya.

Kuna watu ambao silaha zao zilisafiri pamoja na maneno yake. Wahunzi wengi wa Japani walichonga majina yao katika mkia wa upanga, ndani ya mpini, na hata leo upanga hufunguliwa ukasomwa kama barua. Keris ya Java huenda na jina la mhunzi wake, ambaye huitwa *empu*, na jina la mapambo ya chuma chake, yaani *pamor*; UNESCO iliitangaza keris kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005. Je, wahunzi wa Java walikuwa hodari kuliko *abacuzi* wa Burundi waliofua chuma katika vilima hivi? Hatuna sababu ya kuamini hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye keris alisema na mwandishi akaandika. Hapa kwetu mzee alisema, na mwalimu akafupisha.

Tunajua majibu tutakayopewa, maana sisi wenyewe tumeyatoa.

Jibu la kwanza husema, "Hayo ni mambo ya Kirundi, mwalimu wa Kiswahili hayamhusu." Hili ni jibu la uvivu. Kirundi kina *icumu*, *umuheto*, *umwampi*, *inkota* na *ingabo*. Kiswahili kina mkuki, fumo na sagai. Kina uta na upote wake. Kina mshale wenye wano na kigumba. Kina podo na ziaka, ala na mpini, jambia na hanjari, rungu na sime. Mwekeni mwanafunzi wa Ruziba mbele ya *ingabo* na ngao, naye atasikia udugu wa maneno hayo kabla ya kufunuliwa kitabu cha isimu. Kisha mwambieni afikiri kwa nini katika Kirundi *ingabo* ni ngao na pia ni askari, ilhali katika Kiswahili ngao imebaki ngao. Somo hilo linashinda orodha ya ngeli aliyoikariri bila kujua ya nini. Na pale Kiswahili kinapokosa neno la kitu cha Kirundi, tusibuni neno la haraka kama tulivyobuni sisi siku ile. Tuliache jina la Kirundi mahali pake, na tulieleze kwa Kiswahili safi.

Tena iko sababu nyingine ya kutuhusu. Lugha tunayoifundisha ilifika kando ya ziwa hili pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, na gobori mabegani. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu zake Ujiji, kusini mwetu kando ya ziwa hili hili. Alijaribu kuingia Burundi, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili wa Bujumbura akiutazama mkuki wa Kirundi, anatazama kitu kilichowahi kumkabili mtu aliyesema lugha yake. Lugha iliyokuja namna hiyo ina deni, na kuyahifadhi majina ya mikuki ile ni njia moja ya kulilipa.

Jibu la pili ni zito zaidi, nasi hatulichezei. Husemwa, "Nchi hii imeumia. Tangu mwaka 1993 tumezika watu wengi mno. Mnataka watoto wafundishwe silaha?" Twajibu kwamba mtoto asiyejua historia ya mkuki hujifunza habari za silaha mahali pabaya zaidi. Katika maneno ya yule mzee hamkuwamo sifa za kuua. Mlikuwamo miko: nani asiuguse, siku gani usitolewe, chini ya nani ulinyamaza. Hata leo mkuki na ngao huonekana mikononi mwa wachezaji wa *intore*, wala hakuna anayekimbia. Tukiyatupa maneno hayo, kitakachobaki ni makali matupu. Wala hatusemi kwamba shule ziwe ghala la silaha. Mkuki na ukae kwa wenyewe. Kinachopaswa kuletwa shuleni ni daftari.

Jibu la tatu ni la wale wasemao, "Makumbusho yapo." Ni kweli, na twashukuru. Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, na ya Bujumbura mwaka 1977. Lakini makumbusho hayawezi kuingia kila nyumba ya Ruziba, na mwalimu huweza, kwa sababu wanafunzi wake hulala humo. Tena mambo yamebadilika. Mwaka 2022 Ubelgiji ilitunga sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyopatikana isivyo halali wakati wa ukoloni katika Kongo, Rwanda na Burundi. Siku Warundi watakapokaa mezani kudai, wataulizwa: kitu hiki ni nini, cha nani, kilitoka wapi? Atakayejibu "ni mkuki wa zamani sana" atarudi mikono mitupu. Majibu yanayotakiwa siku hiyo yamo vichwani mwa wazee walio hai leo, na mengine tumekwisha yazika pamoja na wenyewe.

Basi twapendekeza haya. Kila mwalimu wa Kiswahili katika chama chetu amtume mwanafunzi wake nyumbani na ukurasa mmoja, si kwenda kuomba silaha wala kuinunua, bali kuuliza. Aandike jina la silaha katika lugha ya nyumbani, na jina la Kiswahili kama lipo. Aandike jina la kila sehemu, toka ncha hadi chini. Aandike mhunzi na mahali pake kama wanakumbukwa. Kazi yake, iwe ya kuwinda, kuchunga, kucheza au kupigana. Nani aliishika na nani alikatazwa. Kama haipo tena, aandike iliondokaje. Maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea, kabla ya kufasiriwa. Mwalimu naye asikose kuandika asichokielewa. Laiti tungaliandika siku ile, hata kwa makosa, mwingine angalisahihisha.

Kwa wale wenye fedha ya kununua tuna neno moja. Mkikuta mkuki katika nyumba, kaeni muusikilize kwanza. Mwenye nyumba akisema kwa nusu saa, nanyi mkaandika maneno mawili, mjue kwamba mlichokichukua hamkukilipia.

Sisi tumeanza kuzunguka vilima vya nyuma ya Ruziba tukiwauliza wazee wa rika la yule marehemu kile chuma cha chini kinachochomekwa ardhini huitwaje. Wawili wametupa majina mawili tofauti, na wa tatu amecheka akasema tungaliuliza zamani. Tutaendelea kuuliza. Wenzetu wa Rumonge, wa Gitega, wa Kigoma na wa Uvira watakaopata majina, na wayalete katika kurasa za jarida hili, kila jina na kijiji chake.